Sikio la Waya: Namna Mtambo wa MRI Unavyosikiliza Mwili

*Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya somo, andika ubaoni maneno haya: sumaku, pete, koili, mkwaruzo, amplifaya. Kila mwanafunzi awe na daftari, kalamu, rula na kikombe.*

Natumaini wote mmekwisha kaa, na redio imewekwa mahali ambapo hata aliyeketi nyuma anasikia.

Somo letu la leo ni juu ya mtambo wa hospitali uitwao MRI. Mtambo huu hupiga picha ya ndani ya mwili bila kupasua. Huonyesha ubongo, uti wa mgongo, ini, goti, na mengine mengi. Hautumii miale ya eksirei. Hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Ndiyo, mawimbi ya redio, ndugu ya haya yanayowaletea sauti yangu sasa hivi. Kwa hiyo ninyi mliozoea kusikiliza redio mmekwisha jua nusu ya somo.

Mitambo ya namna hii ipo katika hospitali kubwa za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Huenda mmoja wenu amewahi kulazwa ndani yake, au amempeleka mzazi wake. Mtu akiiona sumaku ile, kubwa kama pipa refu lililolazwa, hudhani kwamba uzuri wa picha hutokana na ukubwa wa sumaku peke yake. Sivyo. Hutokana pia na kitu kidogo ambacho mfanyakazi wa hospitali humwekea mgonjwa juu ya kifua, au humvisha kichwani. Kitu hicho huitwa koili. Ndani yake mna pete za waya wa shaba zilizopangwa kwa hesabu. Leo tutajifunza kwa nini pete hizo ni nyingi, na kwa nini zimepangwa vile zilivyo.

Mwili unanong'ona

Tuanze na mwili wenyewe. Sehemu kubwa ya mwili ni maji. Katika kila tone la maji mna haidrojeni, na katikati ya kila chembe ya haidrojeni mna kiini kidogo mno kiitwacho protoni. Kila protoni ni kama sumaku ndogo. Kwa kawaida sumaku hizo zimeelekea huku na huku, kama watu sokoni.

Mgonjwa akiingizwa ndani ya sumaku kubwa, protoni zake huvutwa kufuata mwelekeo mmoja. Nguvu ya sumaku hupimwa kwa tesla. Mitambo mingi ya hospitali ni ya tesla 1.5, na mingine ni ya tesla 3. Tesla 1.5 ni karibu mara 30,000, au zaidi, ya ile nguvu ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Hata hivyo, joto la mwili huzitikisa protoni zisitii. Zinazoelekea mbele na zinazoelekea nyuma hubaki karibu sawasawa. Tukihesabu protoni 1,000,000 katika tesla 1.5, zinazozidi upande mmoja ni kama 5 tu. Hizo 5 ndizo zinazotuletea picha.

Kisha mtambo hupeleka mawimbi ya redio mwilini kwa muda mfupi sana. Protoni huyumbishwa, kama pia ya mtoto iliyosukumwa kwa kidole. Mawimbi yakikoma, protoni huendelea kuyumba, nazo hutoa mawimbi yao wenyewe, dhaifu mno. Katika tesla 1.5 huyumba mara milioni 64 hivi kwa sekunde, yaani megahezi 64. Katika tesla 3 ni megahezi 128 hivi. Stesheni za FM huwa kati ya megahezi 88 na 108. Basi mwili wa mgonjwa huwa kama stesheni ndogo ya redio, jirani na zile za FM. Ndiyo sababu kuta za chumba cha MRI hufunikwa kwa shaba au madini mengine yapitishayo umeme, ili matangazo ya nje yasiingie na kuufunika mnong'ono wa mwili.

Picha za kwanza za namna hii zilionyeshwa na Paul Lauterbur, wa Marekani, mwaka 1973. Peter Mansfield, wa Nottingham katika Uingereza, aliiendeleza kazi hiyo. Mwaka 2003 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya uganga.

Taabu ya mkwaruzo

Ninyi mnajua mkwaruzo wa redio. Stesheni ikiwa mbali, ukiongeza sauti, mkwaruzo nao waongezeka. Hujapata faida.

Picha ya MRI nayo ina mkwaruzo wake. Huonekana kama mchanga ulionyunyizwa juu ya picha. Uvimbe mdogo, kiasi cha punje ya mtama, waweza kufichwa na mchanga huo, daktari asiuone. Mgonjwa akaambiwa hana neno, akarudi nyumbani, na uvimbe ukaendelea kukua. Kwa hiyo kupunguza mkwaruzo si kazi ya kupamba picha. Ni kazi ya kumwezesha daktari kuona.

Mkwaruzo huo watoka wapi? Katika mitambo ya tesla 1.5 na 3, sehemu kubwa hutoka katika mwili wa mgonjwa mwenyewe. Mwili una joto na chumvi. Chembe zenye umeme zilizomo ndani yake hazitulii, na koili husikia mchezo wao.

Twaweza kuushinda kwa kurudia: tusikilize mara nyingi, kisha tuchukue wastani. Lakini njia hii ni ghali. Ukitaka picha iwe safi mara 2, yakupasa usikilize kwa muda mara 4. Picha ya dakika 5 itakuwa ya dakika 20. Sasa mfikirieni mtoto wa miaka minne, au mzee anayeumwa mgongo, alazwe ndani ya pipa lenye kelele asijitikise kwa dakika 20! Akijitikisa, picha huharibika. Watoto wengine hawana budi kupewa dawa ya usingizi, na dawa hiyo yataka mganga wa kuiangalia na ina hatari zake. Tena, kila dakika inayoongezwa kwa mgonjwa mmoja huondolewa kwa yule anayengoja nje.

Iko njia nyingine. Nayo ni kusogeza sikio.

Pete ndogo iliyo karibu

Tuseme bibi yenu ni mgonjwa, naye ana neno la kuwaambia. Nje kuna ngoma ya arusi. Hamtamwambia apaze sauti, kwa maana hana nguvu. Mtainama na kuweka sikio karibu na mdomo wake.

Koili hufanya vivyo hivyo. Mnaijua dainamo ya baiskeli: sumaku huzunguka karibu na waya, na umeme huzaliwa ndani ya waya. Katika MRI, protoni ndizo sumaku zinazozunguka, na pete ya shaba ndiyo waya. Umeme unaozaliwa ni kidogo sana. Katika pete hutiwa vifaa viitwavyo kapasita, ili pete isikilize megahezi zinazotakiwa tu, kama vile nawe unavyozungusha kitufe cha redio kutafuta stesheni.

Pete kubwa inayozunguka mwili mzima husikia sauti ya mwili mzima, lakini husikia pia mkwaruzo wa mwili mzima. Pete ndogo iliyowekwa juu ya goti husikia goti kwa nguvu, na mkwaruzo inaoupata ni wa hapo gotini tu. Mwaka 1980 watafiti wa Oxford, Uingereza, walieleza namna ya kuweka pete ndogo juu ya mwili wa mnyama ili kusikiliza sehemu moja tu. Waganga wakaichukua njia hiyo.

Lakini pete ndogo ina upungufu wake. Haisikii mbali. Kwa makadirio, husikia vizuri kwa kina kisichopita upana wake. Pete ya sentimita 10 ikiwekwa mgongoni itasikia sehemu ya uti wa mgongo iliyo chini yake. Haitasikia uti wote toka shingoni hadi kiunoni. Kubwa husikia pote vibaya. Ndogo husikia vizuri mahali pamoja. Tufanyeje?

Jibu ni kuweka pete ndogo nyingi, na kila moja ipewe amplifaya yake, yaani kifaa cha kukuza mawimbi, na njia yake ya kwenda kwenye kompyuta.

Majirani wasinong'onezane

Jibu hilo ni jepesi kulisema, gumu kulitenda. Umeme ukizunguka ndani ya pete moja, huzaa nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo huingia katika pete ya jirani na kuzaa umeme humo pia. Ni kama kuwaweka wasikilizaji wanne kando ya kitanda cha bibi, kisha wote wanong'onezane. Hapo hakuna atakayesikia neno.

Mwaka 1990 Peter Roemer na wenzake wanne wa kampuni ya General Electric, katika Marekani, walitoa maelezo ya dawa ya ugonjwa huo. Walipanga pete nne katika mstari wa uti wa mgongo, nao wakatumia njia mbili kwa pamoja.

Njia ya kwanza mtaichora wenyewe. Chukueni vikombe na madaftari.

*(Mwalimu: wanafunzi wachore.)*

Geuza kikombe na uchore duara kwa kuuzunguka mdomo wake. Pima upana wa duara. Tuseme ni sentimita 8. Sasa sogeza kikombe kulia kwa sentimita 6, yaani robo tatu ya upana, uchore duara la pili. Utaona madaraja mawili yamelaliana: duara la pili limelalia sehemu ya la kwanza. Hizo ndizo pete mbili za koili.

Kwa nini zilaliane? Nguvu ya sumaku ya pete ya kwanza hupanda juu katikati ya pete, kisha hugeuka na kushuka chini nje ya pete. Sasa itazame pete ya pili. Kipande kilicholala ndani ya pete ya kwanza hupata nguvu ipandayo. Kipande kilichobaki nje hupata nguvu ishukayo. Zikilaliana kwa kipimo sawasawa, nguvu ipandayo na nguvu ishukayo huwa sawa, nazo huuana. Jirani hapati kitu. Kwa pete za mviringo kipimo hicho ni kama mlivyochora: kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine ni karibu robo tatu ya upana.

Njia hiyo hufaa kwa majirani waliogusana. Lakini pete ya kwanza na ya tatu hazigusani. Hapo ndipo ilipotumika njia ya pili. Pete humsumbua mwenzake pale tu umeme unapozunguka ndani yake. Basi walitumia amplifaya ya namna ya pekee, inayosoma nguvu ya mawimbi huku ikiuzuia umeme usizunguke sana katika pete. Pete husikia, lakini haisemi.

Mwishoni kompyuta huyaunganisha yote. Haichanganyi ovyo kama mtu apikaye uji. Kwa kila sehemu ya picha, pete iliyosikia vizuri hupewa uzito mkubwa, na pete iliyosikia mkwaruzo mwingi hupewa uzito mdogo. Ndivyo wazee wa baraza wanavyofanya katika shauri la mpaka: huwasikiliza wote, lakini neno la mwenye shamba lililo karibu na mpaka huwa zito zaidi.

Pete nyingi huokoa wakati

Baadaye watu waligundua faida ya pili. Picha ya MRI hukusanywa mstari kwa mstari, kama unavyosoma ukurasa. Mistari ikiwa mingi, muda huwa mrefu. Ukiruka mstari mmoja baada ya mwingine, muda hupungua kwa nusu, lakini picha hujikunja kama kanga iliyokunjwa mara mbili: pua hulalia kisogo. Nani atakayeikunjua?

Tufanye hesabu. Juma na Asha wana shilingi 10 kwa jumla. Kila mmoja ana ngapi? Hatuwezi kujua. Lakini tukiambiwa pia kwamba fedha za Juma mara mbili, pamoja na fedha za Asha, ni shilingi 14, basi tunajua: Juma ana 4 na Asha ana 6. Habari moja haikutosha. Habari mbili zimetosha.

Kila pete hutoa habari yake. Pete ya mbele husikia pua kwa nguvu na kisogo kwa udhaifu. Pete ya nyuma husikia kinyume chake. Kompyuta huzilinganisha na kuikunjua picha. Daniel Sodickson na Warren Manning, wa Boston katika Marekani, walionyesha njia ya kutumia habari za pete nyingi hivyo mwaka 1997. Klaas Pruessmann na wenzake wa Zürich, Uswisi, walieleza njia ya kukunjua picha mwaka 1999.

Hakuna kitu cha bure. Ukipunguza muda kwa nusu, mkwaruzo hupanda angalau mara 1.4 ukilinganishwa na sauti. Na kama pete mbili zinasikia karibu sawa, habari ya pili ni kama kuambiwa habari ya kwanza tena. Haisaidii, na mkwaruzo huzidi. Kwa hiyo anayebuni koili huzipanga pete ili kila moja iwe na mahali pake pa kusikiliza.

Mfano mzuri ni koili ya kichwa iliyoelezwa huko Boston mwaka 2006. Ilikuwa na pete 32, zimepangwa kama vipande vya ngozi vya mpira wa miguu: vingine vya pande tano, vingine vya pande sita. Mpira hushonwa hivyo ili vipande bapa vifunike kitu cha mviringo, na kichwa ni cha mviringo. Je, tukiweka pete 100 picha itazidi kuwa safi? Karibu na fuvu, ndiyo. Katikati ya ubongo faida huwa ndogo, kwa sababu pete ndogo mno hazisikii hadi huko.

Habari za Mbarara

Huenda mtu atasema, "Mambo hayo ni ya Boston na Zürich." La. Mwaka 2022, katika mji wa Mbarara, Uganda, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, pamoja na wenzao wa Uholanzi na Marekani, waliunganisha mtambo mdogo wa MRI kutoka vipande vyake. Nia yao ilikuwa kuwasaidia watoto wachanga wanaojaa maji kichwani. Sumaku yake ina nguvu ya karibu tesla 0.05 tu. Ni sumaku za kudumu, hazihitaji kupozwa kwa gesi ya bei kubwa.

Sauti ya protoni huko iko karibu na megahezi 2, jirani na stesheni za mawimbi mafupi. Hapo mambo hugeuka. Mkwaruzo wa mwili huwa mdogo sana, na mkwaruzo mkubwa hutoka katika waya wa koili yenyewe. Kwa hiyo kuongeza pete ndogo nyingi si dawa ya kwanza. Dawa ya kwanza ni waya mzuri, uliozungushwa karibu sana na kichwa. Basi kanuni ni hii: kabla hujabuni koili, jua kwanza mkwaruzo unatoka wapi.

Ukienda kupigwa picha

Mawimbi yanayopelekwa mwilini yana nguvu kubwa, na kwa kawaida hutoka katika koili kubwa iliyo ndani ya pipa. Wakati huo pete ndogo hufungwa kwa swichi maalumu, zisipokee umeme mwingi zikapata moto. Ni lazima koili iwe nzima na iwekwe sawasawa. Ikikwekwa vibaya, picha huwa mbaya; ikiwa imeharibika, yaweza pia kuunguza. Kwa hiyo usiisogeze wewe mwenyewe. Ukiona joto mahali, minya kengele uliyopewa mkononi.

Usifumbate mikono, wala usibane mapaja yakagusana ngozi kwa ngozi, isipokuwa umeambiwa. Mikono iliyofumbatwa hufanya pete, na mwili wapitisha umeme. Pete hiyo yaweza kuchoma ngozi pale inapogusana. Na kabla hujaingia, mwambie mfanyakazi kila chuma na kila kifaa kilichomo mwilini mwako, hasa cha moyo.

Basi, ndugu wasikilizaji, tumejifunza kwamba mwili hunong'ona, nao mkwaruzo huufunika mnong'ono huo. Kurudia hugharimu wakati. Kusogeza pete ndogo karibu, kuziweka nyingi, na kuzizuia zisisumbuane, huleta picha safi kwa muda mfupi. Mtoto hukaa ndani dakika chache, na daktari huona punje ya mtama.

Maswali ya darasani

1. Kwa nini kuta za chumba cha MRI hufunikwa kwa shaba?
2. Picha ya dakika 3 ikifanywa safi mara 2 kwa kurudia tu, itachukua dakika ngapi?
3. Pete mbili za mviringo zina upana wa sentimita 12. Toka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine iwe sentimita ngapi ili zisisumbuane?
4. Ali na Neema wana shilingi 9 kwa jumla. Fedha za Ali mara mbili, pamoja na za Neema, ni shilingi 13. Kila mmoja ana ngapi?
5. Mweleze jirani yako kwa maneno yako mwenyewe: kwa nini mgonjwa asifumbate mikono?

Majibu yaandikwe katika daftari na mwalimu ayasahihishe. Kwaherini, mpaka somo lijalo.